Insha ya Maombi na Ushahidi wa Maisha

Napenda kuwaambia jambo moja vijana wa kwetu Mkumbara: Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kinapomuuliza mwombaji wa shule yake ya biashara ni jambo gani alithaminilo kuliko yote, na kwa sababu gani, hakitaraji sifa za jumla, bali hutaka dalili zitokazo katika maisha yake. Basi kijana aliyelelewa baina ya mashamba ya mkonge na reli ya Tanga, akaona jinsi bei ya zao inavyoamua karo ya watoto, asiifunike habari hiyo kwa maneno ya fahari. Aieleze taratibu, ataje shauri alilolikata mwenyewe, gharama na natija yake, kisha abainishe elimu anayoihitaji. Huo ndio ushahidi usioweza kuazimwa.