Acha kubofya linki moja moja

Wewe unayesaka kazi za mtandaoni, hebu hesabu: asubuhi hii umefungua tovuti ngapi zilezile za jana? Barua pepe, ukurasa wa mteja, tovuti tatu za ajira, eCitizen. Unabofya, unangoja, unabofya tena. Msee, kompyuta ndiyo inafaa kuwa kuli wako, si wewe wake.

Kama unatumia Linux, weka linki zako kwenye faili moja, viungo.txt, kila linki na mstari wake. Firefox ikiwa wazi, andika hivi:

while read -r linki; do firefox --new-tab "$linki"; done < viungo.txt

Basi. Amri hiyo haiwashi Firefox ya pili. Inaipasia anwani ile inayofanya kazi tayari, nayo inaongeza vichupo. Lakini kivinjari kikiwa kimefungwa, linki ya kwanza itakiwasha na skripti itakwama hapo hadi ukifunge. Kwa Mac tumia open, kwa Windows start. Linux pia ina xdg-open, inayofuata kivinjari ulichochagua mwenyewe.

Alama za kunukuu usizidharau. Anwani nyingi zina &, na kwa Bash alama hiyo humaanisha "kazi hii ipeleke nyuma". Ukiiandika anwani kwenye amri bila kuifunga, inakatwa papo hapo, unatua kwenye ukurasa usiouomba.

Wala si mambo mapya. Jamie Zawinski alieleza namna ya kuiamuru Netscape hivi kwenye Unix tangu 1994. Mimi chuo niliachia njiani, na hakuna aliyeniuliza cheti ndipo amri ikubali. Kinachoniudhi ni kozi za pakeji za mtaani: unalipa ada, unafunzwa kubofya menyu, unapewa karatasi. Wangetenga hata wiki moja tu ya amri, vijana wangetoka na ujuzi wa kuuza.

Skripti uliyotumiwa kwa WhatsApp usiiendeshe kabla ya kuisoma. Inayofungua linki inaweza pia kufuta faili zako zote.

Na bando? Vichupo ishirini kwa mpigo vitaimeza. Ondoa zisizo za lazima, tia sleep 5; kabla ya done mashine ipumue, kisha linki za video ziweke faili yake, uiendeshe ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure.