BEI NAFUU ISIYO NA JOKOFU

Askari anajua kwamba risasi iliyoharibika haifai, hata ikiwa imenunuliwa kwa bei nafuu. Basi na ajue vilevile kwamba dawa iliyopigwa na joto haifai, hata muuzaji akipunguza bei kwa nusu.

Tunasema haya kwa ajili ya oksitosini, dawa ya sindano anayodungwa mama mara tu mtoto azaliwapo, ili kizazi kijikaze na damu isitoke kwa wingi. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliiunda katika maabara mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Ni peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, na joto huuharibu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linaagiza itunzwe katika nyuzi 2 hadi 8.

Katika vituo vya Serikali ya Uganda malipo ya matibabu yalifutwa mwaka 2001. Lakini akiba inapokwisha, mume hutumwa dukani. Hapo ndipo askari wa Arua au Koboko, mshahara ukiwa umepungua, huzunguka duka hadi duka akiuliza bei. Kulinganisha bei si kosa; kosa ni kulinganisha bei peke yake. Vichupa viwili vyaweza kufanana kwa jina na tarehe, kimoja kimetoka jokofuni, kingine kimeshinda rafuni katika joto la Februari. Jicho halioni tofauti. Tofauti huonekana usiku, katika chumba cha uzazi, damu inapokataa kusimama.

Kwa hiyo, kabla ya bei, muulize muuzaji: Leseni ya Mamlaka ya Dawa ya Taifa iko wapi? Dawa inatoka katika jokofu? Umeme ukikatika, hufanya nini? Risiti utanipa? Akishindwa kujibu, bei yake si nafuu. Na kichupa kisafirishwe katika chombo cha baridi, si katika mfuko wa gwanda.

Wakuu nao wana hesabu yao. Mwaka 2018 utafiti wa wanawake karibu 30,000 katika nchi 10, Uganda ikiwamo, ulionyesha kwamba kabetosini inayostahimili joto haikupungukiwa na oksitosini katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi. Bei iliyotangazwa kwa vituo vya umma vya nchi zenye kipato kidogo ilikuwa karibu senti 31 za dola kwa kichupa. Wanunuzi wa zahanati za kambi waipime bei hiyo pamoja na gharama za jokofu, mafuta ya jenereta na vichupa vinavyotupwa.

Mwisho, tunawakumbusha walinzi wa Oraba na Vurra. Katoni ya dawa ipitayo njia za panya juu ya pikipiki, juani, si biashara ndogo ya kufumbiwa macho. Askari atakayeiachilia leo, kesho huenda akaikuta dukani, akainunua yeye mwenyewe kwa ajili ya mkewe.