Uliza Kibali Kabla ya Kumpa Ufagio



Imekuwa desturi katika baadhi ya nyumba za miji yetu kumchukua binti aliyetoka ng'ambo ya mpaka kwa mkono wa dalali, kumpa ufagio na kona ya kulala, na kutomwuliza lolote kuhusu haki yake ya kufanya kazi nchini. Wenye nyumba huliita jambo hilo huruma. Sisi twaliita biashara ya woga.

Tufikiri kidogo. Binti asiye na kibali hathubutu kwenda kwa Afisa Kazi. Mshahara ukicheleweshwa, atanyamaza. Akidai, ataambiwa kwamba Uhamiaji wataitwa. Mwajiri ayajua hayo yote, na wengi wasiouliza hawaulizi kwa sababu jibu lingewapunguzia faida. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 24, chakataza kumdhulumu kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na chaagiza alipwe siku ile ile. Mgeni ametajwa humo waziwazi, asije mtu akadai kwamba hakumwona.

Sheria nayo haikunyamaza. Tangu Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, asiye raia wa Tanzania hufanya kazi kwa kibali cha Kamishna wa Kazi, na mwajiri hutakiwa kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa. Wapo wanaodai kwamba Afrika Mashariki ni moja. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, lakini kila nchi ilitaja yenyewe kazi itakazozifungua, na Tanzania ilifungua hasa zile za wenye taaluma, mfagiaji hakuwamo. Wengine husema, "Huyu si mwajiriwa wangu, anajitegemea." Amri ya Serikali ya Julai 2025 iliitaja biashara ya usafi wa nyumba na ofisi miongoni mwa zile ambazo wasio raia walikatazwa kuzifanya, na raia atakayewasaidia akawekewa adhabu.

Watatujibu kwamba mlango huo ni mwembamba mno, na binti ana njaa. Ni kweli kwamba ni mwembamba, na twawaambia wanaotunga sheria kwamba mlango unaompitisha mhandisi na kumfungia mfagiaji wastahili kutazamwa upya. Lakini mwenye nyumba asijifiche nyuma ya ugumu huo. Kama sheria ingemwudhi kwa ajili ya binti, angeipinga hadharani. Hakika asingeitumia kimya kimya kumlipa nusu ya mshahara.

Basi uliza, lakini uliza kwa heshima. Tazama hati, usisikilize lafudhi. Waha wa Kasulu na Kibondo ni Watanzania, na lugha yao inakaribiana sana na Kirundi. Tena kuanzia mwaka 2014 wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, walikabidhiwa vyeti vya uraia. Wengi wao walikuwa wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Anayemfukuza binti mlangoni kwa jina lake au matamshi yake, huenda amemfukuza raia mwenzake. Hata mkimbizi, sheria ile ya 2015 ilimtengea daraja lake la kibali. Asihukumiwe kabla hajaonyesha alicho nacho.

Na ukisha kuitazama hati, mrudishie mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanaojiita wafuata sheria wanapoanguka: huikagua pasipoti, kisha huifungia kabatini "isije ikapotea". Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, watamka kwamba mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe, na kwamba aliyeajiriwa kutoka nchi nyingine apewe mkataba wa maandishi kabla hajavuka mpaka. Kibali kilichofungiwa kabatini ni mnyororo kama ulivyo mnyororo wa kukosa kibali.

Itakuwaje akiwa hana ruhusa? Usimwajiri, mweleze sababu kwa ukweli, wala usimrudishe kwa dalali aliyemleta. Na kama amekwisha kukufanyia kazi, umlipe kila siku aliyoifanya, kwa maana kukosa kibali hakuufuti mshahara wa jasho lililokwisha kumwagika.

Hatumtaki mwenye nyumba awe askari wa mpakani. Twamtaka awe mwajiri: mtu anayemjua anayemfanyia kazi kwa jina na kwa hati, anayemwandikia mkataba, na anayeweza kumlipa mchana kweupe mbele ya Afisa Kazi bila kufunga mlango. Asiyeweza hayo, na ashike ufagio mwenyewe.