Uhuni wa Nani?

Makamanda, juzi hosteli tumebishana mpaka saa saba usiku kuhusu wale wasichana wa Urusi, Pussy Riot. Mwenzangu wa chumba anasema jela waliistahili. Mimi ni mtoto wa kwaya, sitajifanya: mtu akipanda madhabahuni kwetu na gitaa la umeme, nitakuwa wa kwanza kumtoa nje. Lakini kumtoa nje ni kitu kimoja, miaka miwili gerezani ni kitu kingine kabisa.

Ilikuwa tarehe 21 Februari 2012, siku 12 kabla ya uchaguzi wa rais. Waliingia kanisa kuu la Kristo Mwokozi, Moscow, nyuso zimefunikwa kwa kofia za rangirangi, wakapiga punk wakimwomba Bikira Maria awaondolee Putin. Walinzi wakawatoa chapchap. Kejeli yenyewe iko hapa: mwezi huohuo mkuu wa kanisa lao alishausifu hadharani utawala wa Putin, eti muujiza wa Mungu. Sasa nani alianza kuchanganya dini na siasa?

Soma mashtaka. Hayakuwa ya kisiasa. Uhuni, basi, uhuni wenye chuki ya kidini! Agosti 17 watatu wakahukumiwa miaka miwili kila mmoja. Mmoja alipata kifungo cha nje kwenye rufaa. Wawili walitoka Desemba 2013 kwa msamaha, imebaki miezi michache tu wamalize.

Mwaka 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kitu ambacho naona ni cha haki: nyumba ya ibada ina taratibu zake na kuzivunja kungeweza kuadhibiwa, ila kufunga watu kwa wimbo ni kupita kiasi. Uhuru wa kujieleza ulivunjwa.

Mwenzangu akanikumbusha Nay wa Mitego. Ile ni rap, siyo roki, lakini sawa. Machi 2017 alikamatwa kwa sababu ya "Wapo", halafu Rais akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. "Si aliachiwa?" ananiuliza.

Ndiyo, aliachiwa. Na hapo ndipo roho inaniuma. Hakuna hakimu aliyeandika kwamba wimbo ule haukuwa kosa. Kesho akikamatwa msanii mwingine, na aliyeko juu siku hiyo hajaupenda utani, wakili wake atasimama mahakamani ameshika nini mkononi?