Mafuta yakiharakishwa, fundi asiharakishwe

KAULI YA MAGHARIBI
Na Beatrice Khasiala, Kakamega

Tangu kisima cha Ngamia-1 kipate mafuta Turkana mwaka 2012, tumeahidiwa mara nyingi kwamba kazi i karibu kuanza. Vijana wa Kakamega huuliza nafasi zao zitatoka wapi. Nyingi zimo katika uchomeleaji, lakini si ule wa mageti na madirisha.

Sekta ya mafuta na gesi hupenda kukimbia. Mtambo wa gesi wa Coral Sul, unaoelea katika bahari ya Msumbiji, uliidhinishwa 2017, ukaundwa Korea Kusini, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Katika miradi ya haraka, chuma huagizwa michoro ikiwa bado haijakamilika, sehemu mbalimbali zikaundwa kwa wakati mmoja, kisha zikaunganishwa. Haraka hiyo sina ugomvi nayo, mradi isifike kwenye mshono wa fundi.

Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland, lililokuwa malazi ya wafanyakazi katika Bahari ya Kaskazini, lilipinduka. Kati ya watu 212, walikufa 123. Wachunguzi waliufuata ufa hadi kwenye mshono wa milimita 6 ulioshikilia kipande cha kubebea kifaa cha kunasia sauti majini. Kipande chenyewe hakikubeba uzito wa jukwaa. Lakini ufa ulianzia hapo, ukaula mhimili taratibu mpaka ukakatika katika dhoruba, na mguu mzima ukang'oka. Kamba hukatikia pembamba.

Ndiyo maana fundi wa kazi hii hupimwa kwa chuma. Huchomelea bamba, likakatwa vipande, vikakunjwa mpaka vifanane na herufi U. Ufa ukifunguka, ameanguka mtihani.

Hapa kwetu tuna chuo cha kitaifa cha ufundi cha Sigalagala, na jua kali imejaa vijana wenye mikono mizuri. Kaunti itenge sehemu ya basari kulipia vyeti vya uchomeleaji vinavyotambulika kimataifa. Serikali kuu nayo ilete mitambo ya kukagua mishono kwa eksirei. Tukingoja mpaka mkandarasi afike, ataleta mafundi wake, au atawachukua wetu kabla hawajaiva na kuwasukuma wamalize. La kwanza litatunyima kazi. La pili linaweza kuwaua watu.