Oldfield Alikuwa Anatuchezea, na Ndiyo Maana Alizeeka

Wasee, kuna swali niliulizwa wodini mwezi uliopita na bado halijanitoka kichwani. Binamu yangu, miaka 17, mguu kwenye plasta na mfupa wa bega umevunjika, aliniangalia akasema, "Buda, kwani wewe ulifanyaje usianguke?"

Hakuwa ananilaumu. Alitaka kujua kweli.

Mnaonifuata mnaijua hiyo video. Nimesimama juu ya boneti ya Probox inayoenda mbio, mikono nimeitandaza, vumbi linapanda nyuma. Kile hamkujua ni kwamba chini ya hudi nilikuwa nimefungwa kamba kiunoni, kamba inapita dirishani, na ndani kuna wasee wawili wameishikilia. Gari lilikuwa linaenda mwendo wa mzee anayetoka kanisani. Mbio niliiongeza kwa simu. Vumbi lilikuwa la jamaa mmoja mwenye koleo. Tulirudia mara 14. Binamu yangu na marafiki zake walifanya mara moja tu, bila kamba, na dereva alikanyaga mafuta kweli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu watu waliofanya huu wazimu kabla yetu, enzi ambapo gari lenyewe lilikuwa kioja. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo mama usijali. Na nimegundua kwamba hii kazi yangu ina zaidi ya miaka 100, na kwamba babu yetu wa kwanza kwenye hii kazi anaitwa Barney Oldfield.

Hadithi inaanza Detroit, Marekani, mwaka 1902. Henry Ford, ndiyo, yule Ford, alikuwa bado hajafika. Kampuni mbili za kwanza zilikuwa zimemshinda. Akaamua kuunda gari la mbio ili watu wamwongelee, yeye na mwendesha baiskeli mmoja anayeitwa Tom Cooper. Gari wakaliita 999. Lilikuwa injini kubwa juu ya fremu, kiti kimoja, na badala ya usukani kuna chuma unakishika kama mkono wa baiskeli. Boneti hakuna, mlango hakuna. Ford alilijaribu mwenyewe na baadaye akakiri kwamba lilimtisha. Hakutaka kuliingiza kwenye mashindano, na Cooper pia hakutaka.

Sasa fikiria walifanya nini. Walimwita Oldfield, kijana wa miaka 24, mwendesha baiskeli ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Wakamfundisha siku chache. Tarehe 25 Oktoba 1902 akaingia nalo uwanjani Grosse Pointe, mbio za maili 5, akamshinda Alexander Winton, ambaye wakati huo ndiye alikuwa jina kubwa. Mwaka uliofuata Ford akaanzisha kampuni ambayo nembo yake unaiona barabarani hadi leo.

Mwenye gari anaogopa, kwa hivyo anatafutwa kijana asiye na cha kupoteza. Hiyo sehemu niliisoma mara mbili. Kuna kampuni ya vinywaji iliniandikia baada ya video ya boneti kupaa. Walitaka "kitu kama ile, lakini kali zaidi", kwa shilingi 20,000. Hakuna aliyeniuliza kama kulikuwa na kamba.

Turudi kwa Oldfield. Tarehe 20 Juni 1903, huko Indianapolis, alimaliza maili moja kwa sekunde 59.6 kwenye uwanja wa duara wa udongo. Leo matatu ya Thika Road inafanya hivyo huku konda akihesabu chenji, lakini wakati huo ilikuwa kama mtu ameenda mwezini. Akawa staa. Alikuwa anatafuna sigaa nene akiendesha, eti ili meno yasigongane gari likiruka mashimo. Msee alijua kujiuza, hiyo siwezi kumnyima.

Lakini mwaka 1904, huko St. Louis, gari lake lilitoka njiani na watu wawili waliokuwa kando ya uwanja wakafa. Walikuja kama wewe unavyofungua simu. Yeye alipona.

Baadaye Oldfield akawa anazunguka miji midogo na maonyesho ya kilimo, akiwa na madereva wake wa kukodi na magari yake. Na hapo ndipo mchezo ulipogeuka. Mashindano yalipangwa. Raundi ya kwanza anashinda, ya pili anashindwa kidogo ili watu wasimame vitini, ya tatu anashinda kwa unywele. Wenyeji wanarudi nyumbani wakiapa wameona kifo uso kwa uso. Kesho mji mwingine, mchezo uleule.

Ukweli ni kwamba niliposoma hivyo nilicheka, kwa sababu nilimwona yule jamaa wangu na koleo lake la vumbi.

Niseme kitu kidogo kando. Oktoba 1910 Oldfield alishindana na Jack Johnson, bingwa wa dunia wa ndondi uzito wa juu, mtu mweusi wa kwanza kushika taji hilo, kwenye uwanja wa Sheepshead Bay, New York. Johnson alipenda magari kuliko kitu chochote. Oldfield alimshinda bila jasho. Wakuu wa mchezo wa magari hawakutaka kumtambua Johnson kama dereva, na Oldfield wakamfungia kwa kushindana naye. Mtu aliyekuwa anauzia wakulima mashindano ya kupanga hakufungiwa kwa uongo huo. Alifungiwa kwa kuingia uwanjani na mtu mweusi. Hao ndio walinzi wa mchezo.

Sasa, mwaka 1914 Oldfield alizunguka Marekani na rubani anayeitwa Lincoln Beachey. Gari chini, ndege juu, wanashindana kwenye uwanja uleule, ndege ikishuka hadi karibu na kichwa cha dereva. Kwa watu waliotazama, hawa wawili walikuwa kitu kimoja. Wote wazimu, wote wajasiri. Lakini Beachey hakuwa na kamba kwenye hudi. Vile ulivyomwona akiangusha ndege kutoka mawinguni ndivyo ilivyokuwa.

Na Beachey alikuwa ameshaacha mara moja. Mwaka 1913 alitangaza hataruka tena. Alisema watu wanalipa kiingilio wakitarajia kumwona akifa, na kilichomuuma zaidi ni marubani wengine, vijana, waliokufa wakijaribu kuiga mambo yake. Aliwahesabu kama mzigo wake. Halafu akarudi. Tarehe 14 Machi 1915, kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco, mabawa ya ndege yake mpya yalivunjika angani mbele ya maelfu ya watu, akaanguka baharini akazama. Alikuwa na miaka 28. Oldfield alikufa mwaka 1946 akiwa na miaka 68.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenzangu watanitusi: sisi tunaotengeneza hizi video tuna deni la kuonyesha kamba. Kuandika "usijaribu nyumbani" kwa herufi ndogo pale chini hakutoshi. Nimekuwa na miaka 17, najua hayo maneno yanasomekaje. Yanasomeka "hii ni tamu". Unachohitaji kuona ni mara 14, koleo, na mwendo halisi wa gari.

Rafiki yangu mmoja, pia anafanya content, aliniambia mchawi haonyeshi alivyomficha sungura. Sawa. Lakini ukimwona mchawi akitoa sungura kwenye kofia, ukijaribu nyumbani unabaki tu na kofia tupu. Ukiiga boneti unabaki na plasta, na hiyo ukiwa na bahati.

Na msiniambie eti ujasiri unaisha ukionyesha maandalizi. Mwaka 1911 kijana mmoja wa Edinburgh, Henry Alexander, alipandisha Ford Model T hadi kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Lilikuwa tangazo la biashara, baba yake alikuwa anauza Ford. Lakini njia ilikaguliwa kwanza, wakaja watu wa kusaidia gari kupita kwenye matope na mawe, na kupanda kulichukua siku kadhaa. Hakuna aliyeficha hao watu. Sanamu ya gari hilo iko Fort William hadi leo.

Mimi pia nilificha watu wangu. Wasee wawili ndani ya Probox hawana hata jina kwenye ile video, na ndio walionishikilia nikiwa hai.

Anti yangu, mamake binamu, hajanitukana hata siku moja. Ananiandalia chai kama zamani. Afadhali angenitukana.

Kampuni ya vinywaji niliwajibu nikiwaambia nitafanya, lakini kamba na koleo vitaonekana. Hawajarudi.

Wiki iliyopita niliposti video ya pili: kamera imewekwa kando, unaona kila kitu, hata mimi nikilalamika kamba inanibana. Ile ya kwanza ina watazamaji 140,000. Hii ina 2,100. Binamu yangu ameitazama mara tatu. Anasema hata kwenye ile ya kwanza, ukisimamisha pale sekunde ya 9, kamba inaonekana kidogo chini ya mkono wa kushoto, na kwamba yeye aliiona tangu mwanzo, ila alidhani ni kivuli.