Mwingereza na Ulaya: ndani kwa ramani, nje kwa moyo?

Mwalimu wa Jiografia hana taabu na swali hili. Huchukua chaki akachora bara, kisha pembeni, upande wa kaskazini magharibi, akaongeza visiwa viwili vikubwa, na mwanafunzi akaandika daftarini kwamba Uingereza imo Ulaya. Sisi wasemaji wa Kiswahili nasi hatujapata kulitilia shaka jambo hilo. Katika zama za ukoloni, kijana aliyesafiri hadi London kusomea sheria alikuwa "amekwenda Ulaya", wala hakuna aliyeuliza ni Ulaya ipi. Lakini mwulize Mwingereza mwenyewe. Akifunga mizigo yake aende Paris au Roma kwa likizo, aghalabu husema kwamba anakwenda Ulaya, kana kwamba pale anapotoka ni pengine. Mkazi wa Nairobi apandapo ndege ya Lagos hasemi kuwa anakwenda Afrika.

Neno lenyewe lina kisa cha kupendeza. Asili ya "Ulaya" ni neno la Kiarabu wilaya, hilo hilo tunalolitumia kwa mgawo wa utawala. Neno hilo lilipita Uajemi likafika Bara Hindi, na huko askari wa Kiingereza wakawasikia wenyeji wakilitumia kwa nchi ya ng'ambo. Wakalichukua, wakaligeuza ndimi zao ziliweze, likawa Blighty, jina la mapenzi la nyumbani kwao, ambalo lilivuma sana katika Vita Vikuu vya Kwanza. Basi neno moja kwetu likawa jina la bara zima, na kwao likawa jina la kisiwa kimoja.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Baada ya Waingereza kuamua mwaka 2016 kwamba wanajitenga na Muungano wa Ulaya, Kenya ililazimika kuketi nao upya kuhusu maua, majani chai na mboga zetu. Mkataba ukatiwa sahihi jijini London Desemba 2020, na ule wa Muungano wa Ulaya ukatiwa sahihi Nairobi Desemba 2023. Mlango uliokuwa mmoja umekuwa miwili. Hisia za watu walio mbali nasi ziligusa shamba la maua la Naivasha.

Sasa tuangalie hisia hizo zimetoka wapi. Nchi sita zilizotia sahihi Mkataba wa Rome mwaka 1957 zilikuwa zimeonja uchungu wa vita katika ardhi zao. Ujerumani na Italia zilikuwa zimeshindwa. Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilikuwa zimekaliwa na majeshi ya adui. Kwao, kuungana kulikuwa kiapo kwamba balaa lile halitarudi. Uingereza haikukaliwa. Vita vilivyokuwa fedheha kwa jirani vikawa fahari kwake, na mtu hatafuti kuponywa kile anachojivunia. Winston Churchill alipohutubu mjini Zurich mwaka 1946 akitaka kuundwe namna ya Dola za Muungano za Ulaya, aliitaja nchi yake miongoni mwa marafiki na wadhamini wa jengo hilo, si miongoni mwa wapangaji wake.

Walipokuja kubisha hodi, himaya ilikuwa ikiwaponyoka na uchumi wao ukichechemea. Jenerali de Gaulle aliwafungia mlango mwaka 1963, akawafungia tena 1967. Waliingia hatimaye tarehe 1 Januari 1973, na mwaka 1975 asilimia 67 ya waliopiga kura ya maoni wakaunga mkono kubaki. Watetezi wa kura ile, kwa sehemu kubwa, waliwazungumzia wananchi juu ya bei za vyakula, ajira na biashara. Hata jina walilolizoea watu lilikuwa "Soko la Pamoja". Waswahili husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mwingereza aliitwa mezani ale, hakuambiwa kwamba waliokaa mezani ni ndugu zake.

Kutokana na hayo, haishangazi kwamba kwa miaka yote 47 ya uanachama wao walikaa mguu mmoja ndani na mwingine nje. Fedha ya euro hawakuitaka. Mpango wa Schengen wa kuondoa ukaguzi mipakani hawakujiunga nao. Margaret Thatcher, aliyefanya kampeni ya kubaki mwaka 1975, ndiye aliyesimama Bruges mwaka 1988 kuonya dhidi ya dola kuu ya Ulaya; na katika hotuba ile ile alisema kwamba majaliwa ya nchi yake yamo Ulaya. Wengi humnukuu nusu moja na kuisahau nyingine. Katika tafiti za Eurobarometer, zilizokuwa zikiuliza raia wa nchi wanachama kama wanajiona wa taifa lao pekee au wa Ulaya pia, Waingereza walikuwa miongoni mwa walioongoza mwaka baada ya mwaka kwa kusema: la, wa taifa letu tu.

Hata hivyo, Mwingereza ni nani? Hapa Kiswahili chetu hutupotosha, kwa kuwa humwita Mwingereza mtu wa England, wa Scotland na wa Wales pasipo kubagua. Tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya wapiga kura walitaka kujitenga. Lakini Scotland ilipiga asilimia 62 kubaki, Ireland ya Kaskazini karibu 56, na jiji la London karibu 60. Kura za England nje ya London, zikisaidiwa na za Wales, ndizo zilizoamua. Mskoti ambaye hapendi kutawaliwa kutoka London huiona Brussels kuwa kinga; mtu wa mji mdogo wa England, ambaye kiwanda chake kilifungwa na asiye na bunge lake mwenyewe, huiona Brussels kuwa bwana wa pili. Wote wawili huitwa Waingereza katika magazeti yetu, likiwemo hili.

Na hata utaifa wenyewe si jiwe. Katika sensa ya 2011 ya England na Wales, asilimia 57.7 walisema kwamba wao ni wa England pekee, na asilimia 19.1 tu wakajiita Wabritania pekee. Mwaka 2021, Wabritania pekee walikuwa asilimia 54.8, na wa England pekee wakashuka hadi 14.9. Je, watu milioni nyingi walibadili nafsi zao katika miaka kumi? Jibu la "Mbritania" lilikuwa limehamishwa likawekwa mwanzo wa orodha katika fomu, na wenye takwimu wenyewe walikiri kwamba huenda hilo limechangia. Wanafunzi wanaotaka kujua jinsi hoja inavyojengwa au kubomolewa kwa takwimu wasiache kuutazama mfano huu.

Kuna jambo jingine ambalo Wakenya wengi hawalijui. Katika kura ile ya 2016, Mkenya anayeishi Uingereza kihalali aliruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Mfaransa au Mpolandi aliyelea watoto wake huko kwa miaka ishirini hakuruhusiwa, isipokuwa awe amechukua uraia. Yaani daftari la wapiga kura lilimhesabu mtu wa Kisumu kuwa jamaa, na mtu wa Calais, ambaye mlango wa bahari unaomtenga na Dover hauzidi kilomita 34, likamhesabu mgeni. Sheria hiyo ni masalio ya himaya, na inatuonyesha Uingereza ilikuwa ikitazama wapi wakati majirani zake walipokuwa wakitazamana.

Twaweza basi kukata shauri kwamba Waingereza si watu wa Ulaya kwa hisia? Safu hii haifiki huko. Lugha yao imejaa Kifaransa tangu Wanormandi walipowashinda mwaka 1066. Mfalme George wa Kwanza aliyetawazwa 1714 alitoka Hanover, Ujerumani, na jina la Windsor la ukoo wa kifalme lilichaguliwa mwaka 1917 ili kuficha lile la Kijerumani. Shakespeare aliwapeleka wahusika wake Verona, Venisi na Denmark bila kuomba radhi. Kilichokosekana ni malezi. Shule za England ziliacha mwaka 2004 kuwalazimisha wanafunzi waliozidi umri wa miaka 14 kujifunza lugha ya kigeni, na idadi ya watahiniwa wa Kifaransa na Kijerumani ikaporomoka. Asiyejua maneno ya jirani atamjua kwa bei ya divai yake.

Ajabu ni kwamba hisia ilizaliwa wakati wa kuagana. Mwaka 2018 na 2019 malaki ya watu waliandamana London wakipeperusha bendera ya samawati yenye nyota kumi na mbili, bendera ambayo kwa miongo kadhaa hakuna aliyeijali. Maelfu kwa maelfu wakafukua vyeti vya kuzaliwa vya mabibi zao ili wapate pasipoti ya Ireland. Wapo waliofanya hivyo kwa mapenzi, na wapo waliotaka tu kuepuka foleni ndefu ya uwanja wa ndege. Nami sidhani ni kazi yetu kuwatenganisha. Tangu hapo kura za maoni zimeonyesha mara kwa mara kwamba walio wengi huona walikosea kujitenga. Kujuta, hata hivyo, si sawa na kujiona ndugu, na mwenye kutaka warudi anapaswa kuliona hilo mapema, asije akawauzia tena soko.

Serikali yao ilipoondoa pasipoti nyekundu, iliyoanza kutolewa mwaka 1988, na kurejesha ya buluu mwaka 2020, wengi walishangilia kwamba alama ya taifa imerudi. Kampuni ya De La Rue ya Uingereza, iliyotuchapia sisi noti za shilingi kwa miaka mingi, iliitaka kazi hiyo ikaikosa. Vijitabu vipya vilitengenezwa Poland.